Kisanduku Chekundu

Daktari wa meno alisoma fomu kabla hata ya kumwangalia bibi kinywani. "Umepita miaka sabini, bibi. Hatari kubwa." Akatia tiki kwenye kisanduku chekundu.

Bibi hakuwa mtu wa kumezea. "Kinachooza ni umri au meno?" Akaachama. "Hesabu!"

Daktari akahesabu. Thelathini na mawili, tundu hata moja hakuna.

"Sasa zamu yako." Bibi akavuta fomu nyingine mezani, akaielekezea kalamu chupa ya soda iliyojificha nyuma ya kompyuta. "Hiyo ya ngapi leo?"

"Ya tatu."

"Na hilo shavu unalolishikashika tangu niingie?"

Daktari akaondoa mkono shavuni haraka. Bibi akatia tiki kwenye chekundu.

"Mganga hajigangi, mjukuu wangu. Fungua mdomo."