Dirisha la Kulia

Kabla ya siku ya safari, Pascasie alikuwa ameshapanda ndege mara nyingi kichwani. Alipanda akichota maji, alipanda akimenya muhogo, na kila mara alikaa dirishani, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ikipita chini yake polepole, nyumba kwa nyumba, mpaka uani kwa mama yake. Ndege za namna hiyo hazina haraka.

Huko alikokuwa anapelekwa, nchi ya baridi ambayo jina lake lilimshinda kutamka, hakukumshughulisha sana. Kilichomuuma ni kwamba mama yake, Nadège, alikuwa anabaki. Kwenye orodha ya wakimbizi wa kuhamishiwa ng'ambo jina la binti lilikubaliwa, la mama halikukubaliwa, na hakuna aliyejua kama wataonana tena. Basi Pascasie alitaka amwone mara ya mwisho kutoka juu.

Akamfuata Saady, dereva wa Kasulu aliyezoea kupeleka abiria uwanjani, akamuuliza akae wapi. Saady, mtu wa maneno mengi, alizunguka kwanza kwenye habari za mabawa na jua la machoni ndipo akafika kwenye jibu: ndege ingepitia Kibondo kuchukua wengine, isingepaa juu sana, na kambi ingekuwa upande wa kulia. Viti havina namba, anayewahi ndiye anayechagua. Siku hiyohiyo Pascasie akampelekea mama yake habari.

"Mama, nitakaa ku dirisha ya kuume. Wewe uanike muhogo yote pa turubai, nione weupe yake."

"Nitaanika. Utajua ni yangu?"

"Nitajua."

Asubuhi ya safari alichelewa. Waliagana kwa kushikana mpaka wakatenganishwa, naye akawa wa mwisho kupanda basi na wa mwisho kupanda ndege. Madirisha yote ya kulia yalikuwa yameshapata wenyewe. Kwenye moja alikaa mzee Reverien, fundi viatu wa kambini, ameegemeza paji la uso kwenye kioo, ametulia tuli. Pascasie akasimama mbele yake, aibu yote imemwisha.

"Papa, unipatie hii dirisha. Mama yangu iko chini."

Mzee alimtazama, kisha akahamia kiti cha pembeni.

Ndege ikapaa. Kasulu ikalala ubavu, ikapotea kwenye vumbi la mwezi wa saba. Milima ikalainika kama nguo iliyotupwa kitandani. Pascasie alihisi mwili hauna uzito, na kwa muda hata huzuni ilikaa mbali naye. Halafu kambi ikatokea, naye akasogeza uso kwenye kioo.

Kambi nzima ilikuwa na madoa meupe.

Alikuwa amesahau jambo ambalo hata mtoto wa Nyarugusu halisahau: kiangazi kila nyumba inaanika muhogo. Weupe uani kwa huyu, weupe uani kwa yule, na mapaa yote yanafanana. Aliutafuta mtaa wao, akaupata, akaupoteza. Alijichukia kwa ujinga wake, akaanza kulia waziwazi huku kambi ikizidi kurudi nyuma.

Mzee Reverien, aliyekuwa amechungulia juu ya bega lake, akanyoosha kidole.

"Angalia ule muhogo. Uko unatembea."

Pascasie akapangusa kioo. Kweli, kati ya madoa yote yaliyotulia, moja lilikuwa linakwenda. Lilitoka uani, likaingia barabarani, likafuata upande ilikoelekea ndege, na nyuma yake likaacha mstari mweupe wa muhogo unaomwagika, chakula cha siku nyingi. Mbele ya turubai kulikuwa na kitu kidogo cheusi kinachovuta kwa nguvu zake zote, kinakimbia.

"Ni yeye," alisema Pascasie.

Akabandika kiganja kwenye kioo, na hakukiondoa mpaka Kibondo.