Sabini na Nne na Nusu

Mimi sikubuni kitu. Naanza na hilo kwa sababu pale chuoni kwetu Lubumbashi, katika mwaka wa pili wa kemia, wapo wanaosema Keren alipata bahati tu, na wapo wanaosema Keren ana kichwa kigumu. La kichwa kigumu nalikubali. La bahati walimeze wenyewe.

Kozi ya kemia ya ogania ina kazi za vitendo, sisi tunaziita TP. Kila TP ina ripoti yake, na kila ripoti ina Biblia. Mungu atusamehe kwa jina hilo, lakini ndivyo tulivyolikuta: bunda la fotokopi, nakala ya nakala ya nakala, ambalo wanafunzi wa mwaka wa tatu huwaachia wa pili, na wa pili huwaachia wanaokuja. Aliyeiandika ya kwanza hajulikani. Unaandika jina lako juu, unabadilisha tarehe, unanakili mpaka mwisho. Anayesahihisha ni Assistant Elisée, msaidizi wa profesa, kijana wa miaka thelathini na kitu, koti jeupe limepigwa pasi hadi kwenye mifuko. Anazijua namba za Biblia kwa moyo. Ukizifikia, unapata kumi na sita juu ya ishirini, na maisha yanaendelea.

TP ya tano ilikuwa kupima pombe safi inachemka kwenye joto gani. Lévi, kiongozi wa darasa letu na wa kundi letu pia, alisaini orodha ya mahudhurio, akavua koti lake jeupe, akalikunja.

"Keren, tuende," akaniambia. "Utabakia huku kufanya nini? Namba iko mu Biblia."

"Mi nataka kuona."

"Kuona nini, pombe? Kama ni pombe, tuende ku nganda, utaona yote."

Wakacheka, wakaenda zao. Darasa zima likaenda, watu arobaini. Nikabaki mimi na Papa Liévin, mtunza maabara, ambaye ana funguo za kabati zote na hasemi maneno mengi. Siku hiyo umeme ulikuwepo. Nikaweka chupa ya pombe ndani ya maji ya moto juu ya jiko la umeme, nikafunga kipimajoto mahali pake, nikangoja.

Biblia inasema sabini na nane nukta tatu. Kipimajoto changu kilipanda hadi sabini na nne na nusu, kikakaa hapo. Nikadhani nimekosea. Nikazima, nikaacha ipoe, nikaanza upya. Sabini na nne na nusu. Nikarudia mara ya tatu, jasho linanitoka, njaa inaniuma, Papa Liévin anasubiri kufunga. Jibu likawa lile lile. Basi nikaandika nilichokiona. Kwenye ripoti nzima sikuandika kitu kingine ila nilichokiona, na nilijivunia, nasema wazi.

Wiki iliyofuata ripoti zilirudi. Lévi kumi na sita. Graciella, wa kundi letu pia, kumi na sita. Yangu ilikuwa na sifuri kubwa, na chini yake, kwa wino mwekundu: *données inventées*. Yaani nimebuni. Mimi niliyebaki!

Nilimfuata Assistant Elisée mpaka ofisini kwake.

"Mademoiselle," akasema, bila kuinua kichwa, namba ya Biblia na yangu akizitaja kwa Kifaransa, "bantu makumi ine banapata septante-huit virgule trois. Weye moya unapata septante-quatre. Nani anadanganya?"

"Assistant, nilipima mara tatu."

"Hata mara kumi. Iko namba ya dunia nzima ile. Iko mu bitabu." Ndipo akaniangalia. "Utaandika barua ya kuomba msamaha, unakubali ulibuni. Ijumaa, saa sita ya muchana, iko pa meza yangu. Kama hapana, natuma jina yako ku jury, fraude. Unajua maana yake."

Nilijua. Fraude ni udanganyifu, na kupelekwa kwa jury, jopo la mitihani, maana yake ni kufutiwa TP zote, kuanguka kozi, na kurudia mwaka mzima huku jina langu limebandikwa ukutani kati ya wezi wa mitihani.

Lévi alinihurumia kwa namna yake. Kesho yake alinijia na barua imeshachapwa, mistari sita, jina langu chini, nafasi ya sahihi wazi.

"Saina tu, Keren. Iko karatasi."

"Lévi, weye uliona septante-huit?"

"Mi niliona saa. Nilikuwa na njaa." Akacheka, kisha akaona mimi sicheki. "Utarudia mwaka juu ya digrii ine? Uko na akili kweli?"

Sikusaini. Lakini niseme ukweli wote: sikuichana pia. Niliitia ndani ya daftari, nikaenda nayo nyumbani, Hewa Bora, na njiani nilijiuliza zaidi ya mara moja kama kweli nina akili. Kwa sababu sikuwa na jibu. Namba ya vitabu ni ile, na macho yangu yaliona nyingine. Mmoja kati yetu alikuwa mjinga.

Ninaishi na bibi yangu mzaa baba, Nkambo Albertine. Mume wake, nkambo wangu pia, alikuwa mtu wa reli, shemini ya feri kama bibi anavyoiita, ndiye aliyemtoa Kabalo, kule kaskazini kwenye mto, akamleta huku. Nilimkuta uani anachagua maharagwe. Aliniangalia mara moja tu.

"Mama, nani alikukasirisha?"

Nikamwambia yote. Nikamweleza pombe, moto, namba. Sikutegemea aelewe, nilitaka tu mtu wa kumlilia. Nilipofika kwenye neno la kuchemka, mkono wake ukasimama.

"Ah, ile mambo ya kutokota," akasema. "Ile ilinipatisha haya mingi, miye."

"Haya gani, Nkambo?"

"Wakati shemini ya feri ilituma nkambo yako huku, siku ya kwanza nikapika maharagi. Saa mbili, bado. Saa tatu, bado. Kule Kabalo ingekuwa tulishakula. Nikasema, mama wa soko aliniuzisha ya zamani. Nikaenda kumutukana mbele ya bantu, mwanamuke wa bure. Akanipa ingine, nikapika, vile vile ngumu! Njo akaniambia: mama, haiko maharagi. Ni maji ya huku. Inatokota mbio, lakini moto yake kidogo."

Akaendelea kuchagua, kama mtu aliyemaliza habari ndogo. Mimi nilikuwa nimesimama.

Maji ya huku! Kabalo iko chini, mtoni. Lubumbashi iko juu, zaidi ya mita elfu moja na mia mbili. Juu, hewa ni nyepesi, inakandamiza kidogo, na kitu cha majimaji hakihitaji joto lote la vitabu ili kichemke. Somo hilo nililisoma mwaka wa kwanza. Nililikariri na fomula yake, nililiandika kwenye mtihani, nilipata kumi na nane. Na kila siku ya Mungu nilikula maharagwe yaliyochelewa kuiva, sikuwahi kuviunganisha. Niliona aibu na furaha kwa pamoja. Nikachukua kalamu, nikapiga hesabu palepale juu ya ungo. Maji ya Lubumbashi: tisini na sita. Pombe ya Lubumbashi: sabini na nne na nusu, kasoro kidogo. Nikamkumbatia bibi mpaka maharagwe yakamwagika, akanitukana kwa Kiluba.

Alhamisi nilimpelekea Assistant Elisée hesabu yangu. Aliisoma mistari miwili.

"Sasa unaleta physique mu chimie?" akasema, akanirudishia. "Naomba barua, mademoiselle. Siombi masomo."

Hapo ndipo hofu iliniisha. Sijui ilikwenda wapi. Mtu akikataa kusoma mstari wa tatu, huna tena la kumwogopa.

Ijumaa, saa nne na nusu, nilishuka chuoni na mbabula ya bibi, lile jiko letu la makaa, na makaa kwenye mfuko, na sufuria. Nikawasha uani, mbele kabisa ya mlango wa maabara. Pombe sikuileta, pombe juu ya makaa ni kutafuta kifo. Nilileta maji. Maji hakuna asiyeyajua.

Watu walikusanyika haraka, wanafunzi hawakosi sinema ya bure.

"Keren, unauzisha bukari?" mmoja akaita, yaani ugali.

"Mama Keren, weka na samaki!"

Nikawaacha wacheke. Nilimwendea Papa Liévin kumwomba kipimajoto, nikiwa tayari kupiga magoti. Alikitoa kabatini, kisha akavuka barabara mpaka kwa muuza vinywaji baridi, akarudi na barafu kwenye kikombe. Akaiponda, akatumbukiza kipimajoto, akawaonyesha waliokuwa karibu. Sifuri. Sifuri kamili.

"Kabla ya kupima, banaangalia kama iko muzima," akasema. Yalikuwa maneno yake marefu kuliko yote niliyowahi kumsikia.

Maji yalipoanza kuchemka, Assistant Elisée alitoka. Nadhani ni moshi uliomtoa. Alisimama kwenye ngazi, akaangalia saa yake.

"Mademoiselle Keren, barua iko wapi?"

"Assistant, samahani. Maji inatokota pa ngapi?"

"Unachezea miye?"

"Hapana, Assistant. Pa ngapi?"

"Cent, digrii mia. Hata mutoto ya masomo ya musingi anajua."

"Basi kuja uangalie."

Kicheko kikakatika. Hakuna mwanafunzi anayemwambia assistant aje aangalie. Alishuka ngazi mbili, akasimama, akanisogelea na kuongea nami kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie.

"Sikia. Zima hii moto. Barua, tunaacha. Nitakupatia seize sawa benzako, tunamaliza."

Nasema bila haya: nilitamani. Kumi na sita, mwaka unapita, bibi anafurahi, hakuna jina ukutani. Nilichotakiwa kufanya ni kumwaga maji. Nikafikiria yale maneno mawili mekundu, yatakavyobaki kwenye karatasi yangu chini ya kumi na sita, na mimi nitakavyojua.

"Sitaki seize," nikasema, na sikusema kwa sauti ya chini. "Uliandika nilibuni. Kama nilibuni, tuma jina yangu ku jury, sasa hivi, saa sita haiyafika. Kama sikubuni, ufute. Lakini kwanza uangalie, Assistant. Weye mwenyewe, na macho yako."

Uso ulimbadilika. Nilidhani atanipiga. Aligeuka, akaanza kupanda ngazi, na mimi nikajiambia basi, Keren, mwaka umekwenda, na bado sijuti. Lakini watu arobaini walikuwa wamesimama kati yake na mlango, na hakuna aliyempisha. Si kwa ubaya. Walitaka tu kujua.

Papa Liévin akamnyooshea kipimajoto. Assistant Elisée alikitazama, akamtazama mzee, kisha akashika pindo la koti lake jeupe, akachuchumaa kwenye moshi wa makaa. Akakizamisha. Akangoja. Akakitoa, akakipangusa, akakizamisha tena. Macho yalikuwa yanamtoka machozi, ni moshi, simsingizii.

"Nonante-six," akasema, kama anayejisemea. Tisini na sita.

Akamrudishia Papa Liévin kipimajoto. Kisha akauliza, bila kuniangalia: "Alcool, ulipima mara ngapi?"

"Tatu."

"Na weye moya tu ulibakia?" Akainuka, akawageukia. "Nani mwingine alibakia siku ile?"

Watu arobaini walitazama viatu vyao. Lévi alitazama vyake kuliko wote.

Aliitaka ripoti yangu. Akachora mstari juu ya sifuri, akachora mwingine juu ya yale maneno mawili, akaandika kumi na nne. Hakuomba msamaha. Kumi na nne, alisema, kwa sababu sikueleza ndani ya ripoti kwa nini namba ni tofauti, na hapo alikuwa na haki. Wengine wote walirudishiwa ripoti zao na sifuri. Jumatatu wote kurudia TP. Nilitukanwa na darasa zima mpaka getini, na Graciella peke yake ndiye aliyenisalimia vizuri. Jumamosi akaja mpaka Hewa Bora, akaniomba ripoti yangu aone mfano tu. Nikampa. Nilikuwa na furaha, sikufikiri.

Jumatatu nilifika mapema nione kazi. Maabara ilikuwa bado imefungwa, wenzangu wamejipanga mlangoni, kila mmoja na ripoti mkononi. Ripoti imeandikwa, imebanwa, imekamilika. Nikaichukua ya Lévi. Sabini na nne na nusu. Kipimo cha pili, sabini na nne na nusu. Kipimo cha tatu, hivyo hivyo. Ukurasa wa pili mimi niliwahi kukosea neno nikalikata kwa mistari miwili. Na yeye alikuwa na neno lile lile, amelikata kwa mistari miwili.

"Iko namba muzuri, hapana?" Lévi akaniambia, anatabasamu. "Njo Biblia ya sasa. Tunashukuru, Keren."

Nikaichana. Niliichana katikati, na tena katikati, mbele ya wote, akapiga kelele kama nimemchania shati. Papa Liévin alikuwa amefika, anafungua mlango, hakugeuka.

"Weye mwanamuke uko na nini? Sasa nitatoa nini miye?"

Nilimshika mkono, nikamwingiza ndani, nikamkalisha mbele ya jiko la umeme, nikamtia kipimajoto mkononi.

"Washa," nikamwambia. "Ngoja. Kile utaona, andika."