Ubatizo Kando ya Matete

Léocadie alikiona kile kitu siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, jua likiwaka, akiwa hana homa wala usingizi. Hilo lisemwe mapema, maana baadaye watu walimzulia yote mawili.

Alikuwa akipita njia ya mkato kando ya ziwa lililo nyuma ya maghorofa ya Thamesmead, London, akienda kazini kumwogesha mzee anayemhudumia. Ziwa lenyewe limeungana na mfereji, mfereji unaingia kwenye vinamasi, na vinamasi vinaishia mtoni Thames. Bata bukini mmoja alikuwa anaogelea karibu na matete. Maji yakavimba. Kikatokea kichwa kirefu, bapa kama ubao wa kupigia pasi, kisha shingo, na shingo ikaendelea kutoka. Ngozi ilikuwa ya rangi ya tope, yenye mikunjo na magamba. Mdomo ukafunguka bila haraka yoyote, na bukini akawa hayupo tena.

Léocadie amezaliwa Uvira, kwenye ufuo wa Ziwa Tanganyika, na habari za mamba hafundishwi na mtu. Mamba hana shingo. Huyu alikuwa nayo, na jicho lake moja lilimtazama yeye, likamaliza kumtazama, ndipo likazama. Maji yakatulia kana kwamba hakuna kilichotokea. Alifika kwa yule mzee, akamwogesha mara mbili kwa kusahau.

Kilichomtisha zaidi kilikuwa Jumapili. Jumapili hiyo, pale pale, Pasta Baudouin wa kanisa lao angembatiza Shekinah, binti wa Léocadie, mwenye miaka kumi na sita. Miaka miwili msichana alikuwa ameligomea kanisa, na miaka miwili mama alifunga na kulia kwa ajili yake. Kisha mwezi wa sita Shekinah mwenyewe, bila kusukumwa, akasema anataka kubatizwa. Na kanisa lao halibatizi kwenye pipa wala kwenye bwawa la kuogelea. Kwao Kongo watu walizamishwa ziwani, na huku London pia watazamishwa ziwani.

Ijumaa alimwendea Pasta, akamweleza yote. Pasta si mtu mbaya. Alimsikiliza mpaka mwisho, akatabasamu kwa huruma.

"Mama Shekinah, ni wewe mwenyewe ulisema mbele ya kanisa: mutu akikaribia baraka yake, shetani anamuogopesha."

Ni kweli, alisema. Mwaka uliopita Myriam, mama mwenzake wa kanisani, alidai ameona nyoka kwenye sinki la jikoni. Léocadie, kiongozi wa maombi, alimwekea mikono siku tatu mfululizo. Hakumuuliza hata siku moja nyoka alikuwa na ukubwa gani. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na sasa ulikuwa umemchoma yeye.

Jumamosi mchana alirudi ziwani. Alimkuta Douglas, Mkenya anayeopoa takataka majini kwa boti, amekaa ukingoni anakula mkate. Alipotaja matete, Douglas aliacha kutafuna.

"Mama, mimi huko kwa matete siingizi boti tangu Aprili. Niliona mgongo ukipita chini yangu. Ulipita, ukapita, nikadhani hauishi."

"Ulimuambia nani?"

"Mkubwa wangu. Akanituma nipimwe macho." Alicheka kidogo, lakini uso haukucheka. "Macho yangu ni mazima kabisa."

"Kuja kesho useme mbele ya kanisa."

"Nyinyi mtaniombea tu, mama. Mtoto wako usimwingize hapo."

Basi jioni Léocadie akamwomba binti yake waahirishe. Aliogopa kueleza sababu, akasema tu kwamba maji bado ni ya baridi. Ilikuwa mwezi wa nane, katikati ya majira ya joto.

"Mama, ulilia ili niokoke. Sasa nimekubali, unanizuia? Kama si kesho, basi usiniulize tena maisha yangu yote."

Mama huyo angefanyaje? Akikataa, amempoteza. Akikubali, pengine amempoteza vilevile. Léocadie alienda kupiga pasi gauni jeupe la binti yake, akiwa na hasira na kila mtu, na Mungu akiwemo.

Jumapili watu arobaini walisimama ukingoni wakiimba, ngoma ikilia. Kabla Pasta hajavua viatu, Léocadie aliingia majini na kitenge chake. Alipita pale ambapo wangesimama, akaenda mpaka maji yakamfika kifuani, akageukia matete. Watu walidhani ni furaha. Wakampigia vigelegele.

Nyuma yake alisikia Pasta na Shekinah wakiingia. Mbele yake matete yaliinama, na hapakuwa na upepo. Maji ya mapajani yakawa baridi ghafla. Kisha kitu kigumu, chenye kukwaruza kikaanza kumpita miguuni, polepole, kikiendelea tu. Kule Uvira kila mtoto anajua: anayepiga maji ndiye anayeliwa kwanza. Alijing'ata mdomo mpaka ukatoa damu, akasimama kama nguzo. Angepiga kelele, wote wangekurupuka, na msichana wake angekuwa katikati yao.

"Kwa jina la Baba, na la Mwana..."

Akasikia binti yake akizamishwa. Akasikia akiibuka, akihema na kucheka. Miaka miwili aliomba aione siku hiyo, na aliyoyaona ni matete. Alitoka kinyumenyume, hatua kwa hatua, mpaka kisigino kilipogusa nyasi.

Shekinah alikuwa amefungwa taulo, machozi yanamtoka.

"Hukuniangalia, Mama. Hata mara moja."

Hilo ndilo lililomshinda Léocadie. Yote mengine angeyameza.

"Iko mu maji, mwanangu," alisema kwa sauti, na watu wote wakamsikia. "Imenipita mu miguu. Nilisimama pale isikufikie."

Ngoma ikanyamaza. Pasta Baudouin akamsogelea, akamwekea mkono kichwani, na kanisa zima likamzunguka. Akaanza kuomba. Watu arobaini walifumba macho, kama inavyotakiwa. Shekinah alikuwa bado na hasira, hakufumba. Alikuwa akitazama ziwa juu ya bega la mama yake.

Léocadie alihisi mkono wa binti yake ukimshika kiganja, kisha ukimminya mpaka mifupa ikauma. Alifumbua macho, akaufuata mtazamo wa mtoto. Pale Pasta alipokuwa amesimama dakika tano zilizopita, maji yalikuwa yanavimba.

"Tunatangaza," Pasta akapaza sauti, "mu maji haya hakuna kitu! Na mwezi ujao tutaleta watoto wetu kumi na wawili wabatizwe hapa!"

"Amina!" wakaitikia wote.

Shekinah hakuitikia.