Ngumi za Usingizini

Gaston hajanipiga hata siku moja akiwa macho. Lakini nenda kawaambie hivyo wanawake wa Likasi pale bombani, jicho limekuvimba kama andazi! Nilijifunika kitambaa hadi puani, nikasema nimejigonga mlangoni. Mlango gani huo, unaopiga kila wiki?

Mume wangu alianza kutetemeka mkono mwaka ule kiwanda alichofanyia kazi kilipoacha kulipa. Daktari aliuita ugonjwa huo Parkinson, akasema dawa ya kuuponya hakuna. Kuhusu usingizi hakutuambia kitu. Kumbe mchana mtu anasinzia na tonge mkononi, na usiku anaota, anarusha ngumi na mateke, na aliye karibu ni mimi. Kila akiliona jicho langu Gaston hulia. Alinikataza kusema, maana watu wangemwita mlozi anayepigana usiku. Kuitwa mpiga mke aliona afadhali.

Nami nilikuwa na aibu yangu. Niliamini moyoni kwamba ananichukia, na usingizi ndio unaomuumbua.

Jumapili moja, baada ya misa, kaka yangu Alphonse alikuja kutoka Kakontwe. Aliketi sebuleni, bukari, ugali wetu, hakuigusa.

— Shemeji, ni weye njo unapigaka dada yangu?

— Ni minye, alijibu Gaston, macho chini.

Alphonse alimkaripia mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Maneno hayajaisha, kidevu cha Gaston kikaangukia kifuani. Amelala! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

— Minye nasema, weye unalala? Marceline, funga bintu, tunaenda!

Kaka akanishika mkono, nami nikapiga kelele. Hapo Gaston akaruka kutoka kitini, amefumba macho, akarusha ngumi iliyompata Alphonse mdomoni.

— Muache bibi yangu! Marceline, pita nyuma yangu!

Ni maneno hayohayo aliyowapigia kelele waporaji, zamani, usiku walipovunja mlango wetu. Akiota usiku huwa anaguna tu, sijawahi kuyasikia ndotoni mwake.

Nilimtikisa, akaamka. Alipoiona damu kwenye mdomo wa shemeji yake, akajifunika uso kwa mikono inayotetemeka.

— Nimepiga nani tena?

Alphonse alijifuta mdomo, akaketi. Mimi niliona haya kuliko siku zote za jicho langu. Miezi yote ile mtu ananipigania, nami nimelala kando yake nikimwita adui.

— Umepiga ule alikuwa anataka kunibeba, nikamwambia.