Upepo wa Barabara ya Morogoro

Mimi nina mdomo, sikatai. Duka la vyombo vya plastiki pale Kariakoo haliendeshwi na mtu mpole. Lakini nikikasirika kweli sauti yangu inashuka. Mama yangu kule Rombo alikuwa hivyo hivyo: akifoka ujue bado kuna amani, akianza kunong'ona tafuta pa kujificha. Basi mwaka mzima nilimsema mume wangu kwa sauti ya chini, na mwaka mzima hakunijibu.

Steven anabeba spea. Asubuhi anapakia Gerezani, kwenye duka la Bhargav, anafunga maboksi kwenye pikipiki kwa mipira, halafu anatoka na Barabara ya Morogoro kugawa kwenye magereji ya Kibaha, Mlandizi, siku nyingine mpaka Chalinze. Mwaka wa tisa huu. Hapendi kuchelewa, kwa hiyo anakimbiza. Mtaani kwetu Ilala wanamjua kwa helmeti yake nyeusi isiyo na kioo, imelegea mpaka inacheza kichwani.

Jioni anarudi, anakaa kwenye kochi. Namsemesha, kimya. Siku moja namwambia Joyceline ana homa, amelala tangu mchana, mwenzangu anatikisa kichwa na kutabasamu. Tabasamu! Mtoto anaungua, baba mtu anatabasamu. Nikiongea nimempa mgongo pale jikoni, ni sawa na kuongea na sufuria. Televisheni ndiyo anaifungulia mpaka jirani anagonga ukuta. Jamani, mwanamke gani asingewaza nilichowaza? Nikasema ana mtu, huko huko Chalinze. Moza wa duka la jirani akanimalizia kabisa, akaniambia mwanamume akikuchoka hagombani, ananyamaza tu. Nikaamini. Ukiwa na hasira, neno baya ndilo linaloingia upesi.

Sisi tulifunga ndoa kanisani, na ndoa ya kanisani ina wasimamizi. Wetu ni mzee Melkiori, muuza mchele wa jumla, na mkewe Mama Godbless. Walisimama na sisi altareni, na ndio wanaoitwa nyumba ikianza kufuka moshi. Nikawaita. Jumapili baada ya misa, saa nane mchana, sebuleni kwangu. Nguo za Steven nilikuwa nimeshazikunja kwenye begi, begi liko nyuma ya mlango wa chumbani. Nilitaka aulizwe mbele yao kama bado ananitaka. Akisita tu, begi lake hilo, na mlango ule.

Nikamwaga yote. Dharau, kimya, tabasamu, homa ya mtoto. Mama Godbless akawa ananisikiliza, amekaa kwenye kiti cha karibu na mlango, nyuma ya Steven.

Kwetu, mtu anayesemwa mbele ya wakubwa hawakodolei macho. Anainamisha kichwa. Steven akainama, viwiko kwenye magoti, akawa anaangalia zulia. Mzee Melkiori naye si mtu wa kelele, na jambo likiwa zito ndiyo anazidi kuongea taratibu. Akamuuliza kama bado anamtaka mkewe. Steven kimya. Akamuuliza mara ya pili. Kimya. Mara ya tatu mzee akaongeza kwamba kama hanitaki aseme tu, hakuna atakayempiga. Steven anaangalia zulia.

Nilidhani nitafurahi kushinda kesi. Moyo wangu ulikuwa unapasuka. Miaka kumi na miwili ya ndoa, na mtu anashindwa kusema hata ndiyo. Mzee akanigeukia kwa huruma, akasema basi mwanangu, tumeona. Nikainuka kulifuata begi.

Mama Godbless akanishika mkono, akanirudisha nyuma kidogo. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayeomba chumvi mezani:

"Steven, kuna kijana anaondoka na pikipiki yako."

Mzee Melkiori na miaka yake sabini alifika dirishani kabla mkewe hajafunga mdomo. Mimi nilikuwa nimeshashika kitasa cha mlango. Steven hakutikisika. Macho yake yalikuwa kwenye zulia.

Pikipiki ilikuwepo pale chini, na mnyororo wake. Tukabaki tumesimama watu wazima watatu tunamtazama. Nadhani aliona miguu yetu haipo tena mbele yake, ndipo akainua uso. Akatabasamu lile tabasamu.

"Samahani, mzee," akasema. "Ulikuwa unaniuliza kitu?"

Nilikaa chini palepale mlangoni na nguo zangu za kanisani. Mama Godbless alijifunika mdomo kwa khanga, na alipoutoa mkono akasema mtoto huyu hasikii, hajasikia hata neno moja la kikao hiki. Mzee akamfuata Steven, akamshika kidevu, akamuuliza usoni tangu lini. Steven akaangalia midomo yake, akaelewa, na akaanza kulia. Akasema alidhani ni uchovu. Alidhani ule mlio masikioni ungeisha akipata likizo. Alipoona hauishi akaogopa kusema, maana Bhargav angempa mtu mwingine kazi, na mimi ningemwona amezeeka kabla ya wakati. Kwa hiyo alikuwa anabahatisha, na asipoelewa anatabasamu, kwa sababu tabasamu halimkosei mtu.

Jumatatu asubuhi nilifunga duka. Nikampeleka kwa daktari wa masikio hapo Mchafukoge, mama mmoja Mhindi anaitwa daktari Zarna, mzaliwa wa hapa hapa mjini, Kiswahili chake kinatiririka kuliko changu. Akamvisha Steven vile vya kusikilizia vinavyofunika masikio, akampa kitufe, akamwambia abonyeze kila akisikia mlio. Mimi nimekaa pembeni. Milio mizito ya mwanzo alibonyeza. Ilipoanza ile myembamba, kidole kikatulia. Daktari akaongeza. Akaongeza tena. Mlio ukawa unavuja mpaka mimi nausikia kwenye kiti changu, unalia kama mbu, na Steven ananiangalia anasubiri uanze.

Daktari akakaa mbele yake, akamweleza polepole ili aone midomo. Alisema kosa si la injini, ni la upepo. Pikipiki ikishakimbia, upepo unaozunguka helmeti unapiga kelele kuliko mashine yenyewe, na helmeti iliyolegea isiyo na kioo inauingiza wote ndani. Masaa manne, matano kila siku, miaka tisa. Vinyweleo vya ndani ya sikio vikishakufa kwa kelele haviponi. Zinazoondoka kwanza ni sauti nyembamba, za wanawake na watoto, hasa zikiwa chini. Zilizoondoka hazirudi, ila zilizobaki zinaweza kulindwa. Akavuta droo akatoa kitu, akakiweka mezani.

Vipande viwili vya sponji, rangi ya chungwa, vidogo kama punje za mahindi.

Mungu wangu. Nilivijua. Mara ya kwanza nilivikuta kwenye mfuko wa suruali yake nikifua, vina nta ya masikio. Wiki ile ile nilikuwa nimemwona anaingia na pikipiki, namwita kutoka ngazini hageuki, kisha anachomoa kitu sikioni. Nikapata jibu langu: mume wangu anaziba masikio asinisikie mimi. Sikumuuliza. Nikavitupa kwenye ndoo ya taka na maganda ya ndizi juu yake. Vikaja vingine, nikavitupa. Vikaja vya tatu, nikavichoma kwenye jiko la mkaa. Havikuja tena, na mimi nikajiona mwanamke shupavu.

Daktari alimuuliza kama amewahi kuvaa vizibo kama vile. Steven akainamisha kichwa kwa aibu. Akasema Bhargav ana pikipiki kubwa, haendi nayo popote bila kuziba masikio, na ndiye aliyempa jozi tatu, moja baada ya nyingine. Alipovaa, upepo ulipungua na honi bado alikuwa anazisikia vizuri. Lakini yeye ni mzembe, alizipoteza zote. Akaona haya kuomba ya nne. Daktari akauliza ni muda gani amekaa bila. Akasema mwaka na zaidi. Nikauliza mwaka huo peke yake umechukua kiasi gani. Daktari akasema hilo hakuna anayeweza kulijua.

Tulitoka tukakaa kwenye benchi la kusubiria. Watu wamejaa, wagonjwa na wasindikizaji wao. Steven ameshika jozi mpya kwenye kiganja, amekifunga kabisa, anahofia kuipoteza tena. Sikuweza kuvumilia. Nikamwinamia.

"Baba Joyceline. Vile vizibo hukuvipoteza."

Akageuza sikio la kulia. "Ongeza sauti, Mama Joyceline."

"Nilivitupa mimi."

"Sijakupata. Sema kwa nguvu."

Basi nikasimama. Sauti ninayouzia mabeseni, ile inayofika ng'ambo ya barabara, nikaitoa yote: "Nilivitupa mimi! Mara tatu! Nilidhani unaziba usinisikie mimi!"

Benchi zima likageuka. Nesi akachungulia mlangoni. Steven alikuwa anaangalia midomo yangu, na aliendelea kuiangalia hata baada ya mimi kunyamaza.

"Ungeniuliza tu," akasema mwishowe, kwa sauti kubwa, maana hajui tena sauti yake inafika wapi. "Wakati ule ningekusikia."