Pipa Nililoliunguza

Mimi nina mdomo, sikatai. Lakini pipa la kumi na saba lilinifunga mdomo miaka tisa.

Kiwanda chetu cha wiski ni kidogo: baba mkwe anapika, mume wangu anauza, mimi natengeneza mapipa. Kabla ya kulifunga pipa nalichoma ndani kwa moto, dakika moja hivi, mbao ziive juu juu tu. Siku ya pipa la kumi na saba mume wangu akaja na maneno yake, mapipa ya kununua ni rahisi, sijui nini na nini. Nikamgeukia, nikampa vidonge vyake. Nilipokuja kukumbuka, pipa linawaka moto wa kweli! Nikalimwagia maji, nikalifunga kimya kimya, nikalipanga pamoja na mengine.

Jana mzee akatangaza: "Leo nafungua pipa moja la mkwe wangu. Lisiponiridhisha, tutanunua ya nje." Yaani kazi yangu basi. Akapita akigonga mapipa, akasimama kwenye la kumi na saba. Moyo ukanilipuka paa!

"Baba, hilo nililiunguza," nikasema.

"Haya, sikia mwenyewe!" akadakia mume wangu.

Mzee akang'oa kizibo. Akachota kwa bomba la shaba.

Kilichoingia mle miaka tisa iliyopita kilikuwa hakina rangi, kikali cha kukwangua koo. Kilichotoka kilikuwa na rangi ya asali. Mzee akanusa, akaonja, akatafuta pa kukaa. Kisha akanipa glasi.

Jamani! Kwanza moshi, halafu sukari iliyoungua, halafu ganda la chungwa. Nani aliweka chungwa mle? Hakuna. Ni mbao tu, zikitanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi, zikinyonya na kutema, mwaka baada ya mwaka, sisi tukipita hapo na ndoo zetu bila habari. Nywele zilinisimama. Nilitamani kuvua viatu, kama niliyeingia mahali patakatifu.

"Unaweza kuliunguza jingine hivi hivi?" mzee akauliza.

Uongo ulikuwa umefika kwenye ulimi, nikaumeza.

"Siwezi, Baba. Sijui liliwaka muda gani. Sijui hata nilifanya nini."

Mume wangu akashusha pumzi. Mzee akalirudishia lile pipa kizibo.

"Miaka arobaini napika," akasema, "na mimi sijui. Kawashe moto wa pipa jingine, mwanangu."