Mgongo wa Gelasius

"Nyanyuka! Twende kwa Sista ukaseme ukweli!"

"Punguza sauti, Gelasius, bweni zima linasikia."

"Lisikie! Si limeshasikia kwamba mi nimefukuzwa chuo?"

Optatus kakaa kitandani anajikuna goti, macho chini. Gelasius kamsimamia bila shati, mgongo unamuwaka, maana alipotimuliwa chumba cha mtihani alikimbilia bombani akajisugua hadi karibu achubuke.

Pale chuo cha uuguzi mifupa ya kusomea hakuna. Ipo chati moja tu, na panya wameshakula miguu. Ndio wanafunzi wakabuni: jioni mmoja anavua shati, mwenzake anamchora mifupa kwa kalamu juu ya ngozi, wakimaliza wanaoshana kwa dodoki na sabuni. Gelasius, kijana wa Usevya, mwembamba ajabu, ndiye aliyegombewa. Walimwita Skeletoni, naye anacheka. Mchoraji wake siku zote ni Optatus, rafiki yake.

Jana Optatus kamchora mgongo wote, na majina juu. Halafu kamsugua na dodoki. "Tayari, mwana, umetakata kama mtoto wa ubatizo." Gelasius akaamini. Mgongo wake angeuonaje?

Leo mtihani wa vitendo. Gelasius ndiye mwili, Optatus kasimama nyuma yake anaonyesha mifupa, Sista Agatha, mwalimu wao, kakaa mbele. Optatus akajibu kama redio. Mpaka Sista aliposema, "Gelasius, nyoosha mkono juu. Optatus, shika ncha ya chini ya skapula." Mkono ukapanda, mfupa wa bega ukateleza kuelekea kwapani, ngozi yenye jina ikabaki nyuma. Sista akazunguka kuhakikisha. Akakuta kidole cha Optatus kimetulia juu ya maandishi, mfupa wenyewe uko kwingine.

"Hebu rudia ulichomwambia Sista!" Gelasius alifoka pale bwenini.

"Nilichanganyikiwa."

"Ulisema mi mwenyewe nimemwomba mtu aniandike ili nikubebe! Eti we hukujua!"

"Sasa ningefanyaje? Mzee wangu katekista, nikifukuzwa ataficha wapi uso?"

"Na mama yangu aliyebaki peke yake kwenye majaruba ya mpunga? Yeye hana uso?"

Optatus akarudi kujikuna goti. Gelasius akakaa kitanda cha pili, sauti ikashuka. Bado alikuwa anamtafutia rafiki yake pa kutokea.

"Sikia. Sema ulisahau kunisugua vizuri. Sema giza lilikuwa limeingia. Mi nitakubali, twende wote tumwambie Sista ni bahati mbaya."

"Ningekufuta, mwana, haki ya Mungu. Zamu yangu ikiisha tu nakuvuta pembeni, nakufuta kabla ya zamu yako. Spiriti ya kufutia wino ninayo hapa mfukoni."

Akaitoa kabisa, kichupa kidogo, kama mtu anayetegemea kushukuriwa.

Gelasius akakitazama kile kichupa.

"Kumbe jana ulinisugua maji matupu, bila sabuni, makusudi."

"Gelasius..."

"Huku unanitania ubatizo."

Akavaa shati. Akachomoa begi uvunguni, akasukumia humo nguo na ndala, vyote ovyo ovyo.

"Unaenda wapi? Kwa Sista?"

"Sista keshachagua wa kumwamini. Naenda kwetu."

"Ngoja basi, kaka! Kesho narudia mtihani. Nikishafaulu, namwambia kila kitu."

Gelasius alimwangalia usoni, mara moja tu. Akabeba begi, akatoka, akafunga mlango.